Sensa Isiyohesabu Watu

Sisi wa umri wangu tukisikia neno sensa, humwona karani akibisha hodi kuuliza wamelala wangapi humu usiku wa kuamkia leo, kama walivyopita makarani mwezi Agosti 2022. Mafundi wa mitambo wana sensa yao nyingine. Ni kidude kidogo chenye mkia wa waya, hufungwa kwenye injini kupima joto la maji au presha ya oili na dizeli, kisha hupeleka habari kwa kompyuta ya injini. Habari hiyo huenda kwa volti. Kompyuta, kama karani, haiingii chumbani kuhesabu. Huandika lile inaloambiwa mlangoni.

Huku kwetu mashine za kuchimba si ngeni. Benaco, ambayo dunia iliijua kwa wakimbizi wa Rwanda waliovuka daraja la Rusumo mwaka 1994, ilipata jina lake kwa kampuni ya ujenzi wa barabara iliyopiga kambi hapo kabla yao. Baadaye ukaja mgodi wa Tulawaka wilayani Biharamulo, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2005, na halafu mradi wa umeme wa Rusumo wa megawati 80. Lakini wakubwa hao huja na mafundi wao na stoo zao za spea. Ninaowafikiria mimi ni watu wanaochangishana fedha, tena nyingine za mkopo, wakanunua kijiko cha mtumba kilichokwisha kuzeekea nchi za watu, kikasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kijiko hicho kikigoma wiki ya pili, mkopo haugomi.

Kijana mmoja niliyemfundisha fizikia ndiye fundi wa kikundi cha namna hiyo, upande wa Nyakahura. Siku moja alinijia na daftari. «Shikamoo Mwalimu. Mashine imekufa sensa tatu kwa mpigo: presha ya oili, presha ya dizeli na presha ya hewa ya tabo. Injini imejipunguzia nguvu, haipandi hata tuta.» Muuza spea mmoja alikuwa amekwisha kuwaambia wanunue kompyuta mpya, kwa bei ambayo ingewalazimu wauze ng'ombe na viwanja.

Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba darasa zima likianguka swali moja, mwalimu alitazame swali kabla hajaitazama fimbo. Nikamwuliza: hao watatu wanakula chungu kimoja? Akafikiri, akatabasamu. Sensa za presha aghalabu hupokea volti 5 kutoka kompyuta kwa njia moja ya pamoja. Njia hiyo ikigusa bodi mahali popote, volti huanguka, na wote watatu huonekana wagonjwa ilhali ni wazima. Basi alirudi akaweka mita kwenye plagi, akachomoa sensa moja baada ya nyingine akingoja zile volti 5 zirudi. Kama zingerudi baada ya kuchomoa moja, hiyo ndiyo ingekuwa mkosaji. Hazikurudi hata kwa zote tatu. Ndipo alipoanza kuutikisa mkono wa waya, shibiri kwa shibiri, na nyuma ya injini mita ikaruka. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma cha kuushikilia hadi shaba ikawa nje. Dawa yake ilikuwa kipande cha waya, lehemu, na mpira wa kuufunika.

Kuna jambo jingine linalowachanganya vijana wengi. Katika namba za makosa zinazotumiwa na mashine nyingi kubwa, 110 ni joto la maji ya injini. Ikifuatiwa na 3, volti imepanda mno, na ikifuatiwa na 4 imeshuka mno. Sensa ya joto hupunguza ukinzani kadiri inavyopata moto. Waya ukikatika, ukinzani huwa kama hauna mwisho, volti hubaki juu, na kompyuta huamini maji ni baridi kuliko barafu, wakati fundi kaunguza vidole. Kwa hiyo 3 haisemi «nunua sensa». Inasema tazama kwanza kama waya umekatika au pini imeota kutu. Na sensa yenyewe hupimwa kwa sufuria ya maji, kipimajoto na mita: nyingi huonyesha kama omu elfu mbili na ushei kwenye nyuzi 20, na mia mbili tatu hivi karibu na nyuzi 90. Haya ni maabara ya kidato cha tatu.

Linalonikera ni ule ujanja wa kukata waya wa sensa ya joto na kuchomelea kizuizi cha umeme mahali pake, ili kompyuta ione nyuzi 80 mchana na usiku. Taa inazimika, mteja anafurahi, analipa. Rejeta ikipasuka mlimani, hakuna wa kupiga kelele mpaka silinda zinang'ang'ania. Mimi naiita hiyo kazi uongo wa kulipwa, na sijali nikiudhi mafundi. Wauzaji wa mashine za mtumba nao huuficha ujanja huo chini ya gundi nyeusi.

Ndugu msomaji, ukienda kununua, nenda alfajiri. Asubuhi za Ngara hutaka sweta. Gusa injini uhakikishe haijawashwa tangu jana, kisha washa swichi tu, usiiwashe injini, na umwombe fundi akufungulie ukurasa unaoonyesha joto la maji kwa nyuzi. Lazima lilingane, au likaribiane, na baridi unayoisikia mikononi. Likisoma 80 saa kumi na mbili asubuhi, rudi nyumbani na fedha zako.

Kikundi cha Nyakahura bado kinalipa mkopo. Kijana ameniletea daftari lake nilisahihishe. Vipimo vyote vya mashine ikiwa nzima amevipanga kwa tarehe, volti na omu, ingawa «ukinzani» bado anauandika kwa «g».