Vidonge vya Jumatano

Malakisi, Jumatatu, 3 Machi 2025

Shangazi amefika kwenye duka langu la dawa kabla sijamaliza kufungua madirisha. Kaja na bodaboda, maana asubuhi hawezi kutembea. Viungo hukakamaa mpaka saa nne hivi ndipo vinaanza kulegea. Ameshindwa kufungua fundo la leso kutoa hela, nikamfungulia. Mikono yote miwili imevimba kwenye maungio ya vidole na vifundo, na ukigusa ni ya moto.

Anataka sindano ya diklofenaki. Nimekataa. Amenitajia choo cheusi wiki iliyopita kana kwamba ni jambo dogo, kumbe hiyo ni damu ya tumbo. Nimemweleza kwamba diklofenaki na brufen hupunguza maumivu tu. Kinga ya mwili wake imegeuka inashambulia utando wa viungo, na mfupa ukishalika haurudi. Kumdunga kila wiki ni kufagia majivu huku paa linawaka.

Kisha akatoa mfukoni chupa isiyo na jina: "dawa ya mizizi" aliyouziwa sokoni. Nikamtazama uso. Umekuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, na miguu ni myembamba. Nashuku kuna steroidi ndani. Mzizi gani unaoondoa uvimbe kwa usiku mmoja? Sikumwambia aitupe leo, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla unaweza kuzimia. Aende nayo kwa daktari Bungoma, amwonyeshe.

Jumatano, 12 Machi

Amerudi na majibu. Ni baridi yabisi yenyewe. Wamempima damu, ini, figo, homa ya ini aina ya B, na picha ya kifua. Steroidi atapunguziwa polepole. Dawa ya msingi ni methotreksati: vidonge vinne vya miligramu 2.5, mara moja kwa wiki. Na folik asidi siku nyingine, ile ile wanayopewa wajawazito.

Hapa ndipo ninapoogopa. Karibu kila dawa ninayouza humezwa kila siku, asubuhi na jioni, na mkono wa mgonjwa umeshazoea hivyo. Methotreksati ikimezwa kila siku hukausha uboho wa mifupa. Vidonda hujaa mdomoni, chembe nyeupe za damu hushuka, na mtu hufa. Watu wamekufa hivyo katika nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu. Ilianza kama dawa ya saratani, kwa vipimo vikubwa. Marekani waliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1988, kwa kipimo kidogo cha wiki. Dawa ni nzuri. Hatari iko kwenye maelezo, na anayetoa maelezo ni mimi.

Shangazi amechagua Jumatano mwenyewe kwa sababu ndiyo siku ya ushirika wa akina mama kanisani, hawezi kuisahau. Nimeandika kwa kalamu nene: JUMATANO TU, VINNE. Folik asidi, IJUMAA. Nikamwambia arudie kwa sauti, akarudia. Nikamwita mjukuu wake wa darasa la saba, naye akarudia.

Ijumaa, 21 Machi

Nusura. Shangazi anakohoa, na jirani amempa Septrin zilizobaki nyumbani. Bahati njema alinipigia simu kwanza. Septrin na methotreksati zote huzuia mwili kutumia foleti. Zikikutana, damu huporomoka. Huku kwetu Septrin iko karibu kila nyumba, wengi wameimeza kwa miaka mingi kwenye kliniki za HIV. Kuanzia leo, kila anayenunua methotreksati kwangu nitamtajia Septrin hata asiponiuliza. Kikohozi chenyewe nimemtaka akaonwe kesho, maana dawa hii huweza pia kugusa mapafu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imenyesha mchana kutwa, watu wamepanda mahindi. Nimesoma habari za kortisoni, mojawapo ya steroidi. Mwaka 1948 Philip Hench, kule Mayo Clinic, Minnesota, alimdunga mwanamke wa miaka 29 ambaye ugonjwa ulikuwa umemkalisha. Siku chache baadaye alitembea mwenyewe. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisha nyuso zikaanza kuvimba, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda. Miaka zaidi ya sabini imepita tangu madaktari wajifunze hayo, na mchuuzi bado anamuuzia shangazi yangu muujiza ule ule ndani ya chupa isiyo na jina. Inanikasirisha mno.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu kijana, ameolewa mwaka jana, ana cheti cha methotreksati mkononi. Nimemuuliza kwa upole kama anatarajia mtoto. Akanyamaza, halafu akasema wanajaribu. Sikumpa. Dawa hii huharibu mimba, na huachwa miezi kadhaa kabla. Nimempigia daktari wake, akabadilisha mara moja: sulfasalazini na haidroksiklorokwini, zote zinatumika hata katika ujauzito.

Mama yake, aliyemsindikiza, alishtuka kusikia klorokwini. "Ile ya kuwasha mwili?" Anaikumbuka vizuri. Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998, vimelea vilipokuwa vimeizoea. Nimemwambia hii ni ndugu yake, na kinachotakiwa zaidi ni kupima macho kabla ya miaka mingi kupita.

Jumamosi, 17 Mei

Binamu yangu wa Kitale, mtoto wa shangazi, ameuliza kwa nini mama yake hapewi "zile sindano za Ulaya". Anazungumzia dawa za kibayolojia. Mwaka 1992 Feldmann na Maini, London, waliwapa wagonjwa wa kwanza infliksimabu, na matokeo yalikuwa makubwa kweli. Lakini bei yake haimezeki, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, ambacho hapa tunacho. Nimemwambia tuitumie kikamilifu ya bei nafuu kwanza. Wagonjwa wengi methotreksati inawatosha, mradi iongezwe hadi kipimo kinachofaa. Hakuridhika. Simlaumu, ni mama yake.

Alhamisi, 5 Juni

Wiki ya kumi na mbili. Shangazi amechuma saga na mrenda mwenyewe, na kukakamaa kwa asubuhi kunaisha kabla chai haijapoa. Bado kifundo cha kulia kimevimba. Vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo; nilipomuuliza akakiri busaa kwenye sherehe ya mahari. Hiyo iishe. Ameuliza kama sasa anaweza kuacha vidonge. Hapana, shangazi, ukiacha ugonjwa unarudi.

Daktari amesema damu irudiwe baada ya wiki mbili, na ini likitulia atampandisha hadi vidonge sita. Tatizo ni kwamba msambazaji wa Bungoma amenijibu leo kuwa methotreksati imemwishia. Shangazi ana za Jumatano moja tu, ile ya tarehe 11. Kesho asubuhi nampigia wa Kitale, na akiwa nazo nitatuma mtu na matatu ya kwanza.