Kelele ya redio mbele ya mnara wa simu

Leo tuache kidogo mambo ya wavuti, tuingie kwenye redio. Usiogope, hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa tu.

Hapa Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wamewahi kufunga vihisi vya kupima kina cha mto Muringato, vikituma vipimo hewani kwa LoRa. Ni kazi ya maana. Mito ya Mlima Kenya na Aberdare hunywesha mashamba ya huku, na Ewaso Ng'iro huendelea hadi Laikipia na Isiolo. Kipimo kikipotea wakati wa kiangazi, watu wa juu na wa chini hubaki kubishana bila ushahidi. Nikajiuliza: redio ndogo ya aina hiyo ikikaa karibu na mnara wa simu, itasikia nini?

Tuanze na hali ya utulivu. Kelele ya joto ni −174 dBm kwa kila hezi. Chaneli ya kilohezi 125 inaongeza desibeli 51, redio yenyewe tuseme inaongeza 6. Jumla −117 dBm. LoRa ikienda polepole kabisa (SF12) husoma ujumbe ulio desibeli 20 chini ya kelele, yaani −137 dBm. Safi sana.

Sasa tulete mnara. Tetu, Othaya na Mukurwe-ini ni nchi ya migongo na mabonde. Mnara ukiwa kwenye mgongo mmoja nawe uko mgongo wa pili, mnatazamana uso kwa uso na antena. Chukua wati 20 (43 dBm), antena ya desibeli 15, megahezi 940, umbali wa mita 200. Njiani zinapotea desibeli 78. Kinachokufikia ni −20 dBm, karibu mara bilioni 500 ya kile kiujumbe chetu!

Utasema, "Lakini sisi tuko 868, mnara uko 940, unatuhusu nini?" Unatuhusu kwa sababu ya miksa, saketi inayozidisha mawimbi yanayoingia kwa wimbi la oskileta ili kuyashusha. Oskileta si safi. Pembeni yake kuna ukungu wa kelele. Ukungu ulio megahezi 72 pembeni ukizidishwa na ishara ya mnara, unaangukia juu ya chaneli yetu. Tuseme ukungu huo uko desibeli 140 chini ya oskileta kwa kila hezi: −20 toa 140 ni −160. Kelele yetu ya mwanzo ilikuwa −168. Jumla ya zote mbili ni −159.4, yaani imepanda desibeli 8.6. Penye anga wazi, kilomita 8 zimekuwa 3.

Hapa ndipo uigaji wa kompyuta unapohitaji akili. SPICE, iliyotoka Berkeley mwaka 1973, ina amri ya kelele, lakini amri hiyo huishika saketi ikiwa imetulia kwenye DC, kisha huipigia hesabu kama mstari ulionyooka. Miksa hufunguka na kufungika mara milioni 868 kwa sekunde. Ishara kubwa ikiingia, ukuzaji unashuka, na kelele za masafa mengine zinakunjwa hadi kwenye chaneli. Kutumia amri ile ni sawa na kumuuliza mtu aliyelala kama sokoni kuna kelele.

Programu za kulipia hutafuta kwanza mzunguko unaojirudia, kisha hupima kelele katika kila hatua ya mzunguko huo. Mimi hutumia ngspice, ambayo ni ya bure. Natia chanzo cha kelele (trnoise) kwenye uigaji wa muda, naendesha mara nyingi, napiga FFT na kutafuta wastani. Naendesha bila mnara, halafu na mnara.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, 868 na 940 zote hugawanyika kwa 4, kwa hiyo kila kitu hujirudia baada ya nanosekunde 250. Chagua dirisha la FFT linalobeba mizunguko kamili. Pili, oskileta ya SPICE ni malaika, haina ukungu wowote. Usipouongeza mwenyewe, mnara utaonekana hauna madhara.

Je, tiba? Wengi hukimbilia kununua kikuza mawimbi. Hakisaidii, maana kinamkuza mnara pia. Weka kichujio cha 868 kabla ya miksa. Kikila desibeli 2 za ishara yako na kukata 40 za mnara, ile kelele ya −160 inakwisha kabisa, na unabaki na faida ya desibeli 6 na kitu.

Kwa hiyo ukiona namba nzuri kwenye karatasi ya kifaa, uliza: ilipimwa kimya, au mnara ukipiga kelele? Mto hauchagui mahali pa kupita, na mara nyingine ni hapo hapo chini ya mnara.

Haya, tuonane siku nyingine.