Dada Asiyepanda Jukwaani

Wadau, pale Chikongola, Mtwara, kuna prodyuza ana msanii ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Siyo kwamba anaringa. Ni programu.

Inaitwa UTAU, ya Wajapani, ya bure. Unaandika maneno na noti, inaimba. Hatsune Miku wa 2007 unamnunua na sauti yake. UTAU unaweza kuiwekea sauti ya mtu wako, silabi moja moja. Kiswahili kinaingia vizuri, maana silabi zetu zinaishia na irabu kama za kwao. Kazi ipo kwenye mba, nga na ng'a, hizo lazima uongeze mwenyewe.

Aliyezirekodi ni dada yake wa Msimbati, chumbani, feni imezimwa, jasho linamtoka. Zamani alikuwa anaimba kwenye maharusi, alipoolewa mume akakataa. "Silabi siyo kuimba," dada akasema.

Jamaa akachora binti wa katuni kajitanda kanga, ndo kava. Nyimbo akazisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye flashi za bodaboda. Msimu wa korosho promota akaja na hela, anamtaka binti jukwaani. Akaambiwa hayupo, akaona anabaniwa tu.

Juzi shemeji mtu kapanda bodaboda, redio inapiga ule wimbo. Akauliza nani huyo.

"Kompyuta hiyo, kaka."

Kimya mpaka nyumbani.

Usiku dada akapiga simu, anaongea chini chini: "Mdogo wangu, shemeji yako ananiambia nitamke ng'ambo."

Ndo neno la kwenye kiitikio.

Wimbo bado uko hewani. Wadau, ungekuwa wewe ungeufuta?