Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Nahodha alinitazama mimi, akamtazama mbwa wangu, Simba, kisha akauliza, "Huyu nani atamshika?"

Nilimjibu kwamba tuko watatu, mimi, mdogo wangu na binamu yetu, na sote tutamwangalia. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, 'sote' si jina la mtu. Nitajie mmoja."

Ilikuwa asubuhi pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, mahali zinapopakia boti za mbao ziendazo vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Niliona ananichelewesha bure. Nikajitaja mimi ili tuondoke. Miaka imepita, na sijapata kuulizwa swali lililonifaa kuliko lile.

Simba tulimlea Tabora tangu akiwa hajafumbua macho. Alikua akawa mbwa mkubwa kweli: akisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele inanifika mabegani. Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kimoja cha mwambao ule, sikuona la kujadili. Simba anakwenda nasi. Nilikuwa na cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kamba mpya na gunia la kulalia. Nikaamini maandalizi yamekwisha. Tukapanda lori, tukapita Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma.

Sisi wa Tabora tunakua na habari za njia hiyo. Kabla reli haijafika mjini kwetu mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata Ugogo, ikapumzika kwetu Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, na mbele yao alitangulia kirangozi. Na njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Kila nikiipita, nawakumbuka hao kwanza.

Mbwa nao waliipita. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuja kumtafuta David Livingstone alikuwa na mbwa wa ulinzi aitwaye Omar. Omar alikufa kwa maradhi ya tumbo kabla ya kuingia Ugogo. Njia ilikuwa imekwisha kumwonya bwana wake. Hata hivyo, mwaka 1874 Stanley alirudi na mbwa watano kutoka Uingereza, miongoni mwao mastifu, mbwa wenye miili mikubwa na mizito. Safari hiyo alileta na mashua, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyogawanywa vipande ili wapagazi waibebe mabegani. Mashua ilifika, na Machi 1875 ikashushwa katika Ziwa Viktoria na kutwekwa tanga. Castor, mmoja wa wale mastifu, hakuyaona maji hayo. Joto lilimuua siku za mwanzo kabisa baada ya kuondoka Bagamoyo. Wa mwisho wa wale watano, Bull, alivumilia hadi mwaka 1876, akafia Unyamwezi.

Nimelitafakari sana jambo hili. Mashua ilipimwa, ikagawanywa, kila kipande kikapewa wabebaji wake. Castor naye alipaswa kupimwa kwa jua la pwani kabla ya kuvushwa bahari. Binadamu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na mwili ukiwa mkubwa joto huchelewa kutoka. Ukubwa uliokuwa fahari yake kwao ndio uliomlemea huku. Na hata angelishinda jua, mbele yake kulikuwa na misitu ya miombo yenye ndorobo, na ugonjwa wanaoueneza humuua mbwa kama unavyomuua ng'ombe.

Lakini anayenigusa zaidi ni mbwa wa Livingstone. Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ipo tembe aliyokaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi. Ukubwani ndipo niliposoma kwamba miaka mitano kabla ya kukaa humo alikuwa na mbwa mdogo aitwaye Chitane. Livingstone aliandika kwamba Chitane alikuwa akikimbia hadi mbele ya msafara kumwona wa kwanza, kisha anarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asibaki. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka kinamasi chenye upana wa karibu maili moja, maji yakiwafika kiunoni. Livingstone alitangulia, akasahau kuacha agizo juu ya mbwa. Waliofuata, kila mmoja alikuwa akihangaika asianguke. Chitane akaogelea katikati yao mpaka nguvu zikamwishia, akafa maji, wenzake wa safari wakiwa mbele yake na nyuma yake.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane hakuuona. Na sidhani kama palikuwa na mtu mbaya katika msafara ule. Pengine kila mmoja aliamini mwenzake anamtazama.

Turudi kwenye boti. Nahodha alimweka Simba chini, katikati, ili uzito usielemee upande mmoja. Nilipotaka kumfunga kwenye ubao wa kukalia alinizuia. "Usimfunge kwenye chombo. Kikipinduka, atazama nacho. Mshike mkononi." Mbele yetu alikaa mzee mmoja aliyevaa kanzu. Aliniomba kwa upole nimsogeze Simba kidogo, kwa kuwa mbwa akiwa na majimaji akimgusa itambidi aoshe mara saba, moja kwa udongo, na adhuhuri ilikuwa inakaribia. Niliinamisha uso, nikamsogeza, lakini moyoni nilinung'unika. Nilimhesabu kuwa mtu asiyependa mbwa.

Jua lilipopanda, ni mzee huyo huyo aliyesema, "Mwanangu, mbwa wako ana kiu. Tazama ulimi." Mimi mwenye kamba nilikuwa nimezama katika mazungumzo. Akanipa kopo lake la maji, akaniambia lisirudi kwake, libaki kwa Simba. Simba alipokunywa, mzee akanieleza habari za watu wa pangoni na mbwa wao aliyetajwa katika Kurani, aliyelala mlangoni amenyoosha miguu. Akaongeza kwamba katika mafundisho ya dini yake yupo mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Nilijifunza hapo kwamba mtu anaweza kukutaka ukae mbali kidogo na bado akakuangalia vizuri kuliko aliye karibu nawe. Kila kiumbe na nafasi yake, na kuijua nafasi ya mwenzako ni sehemu ya kumheshimu.

Tulipokaribia kijiji, mdogo wangu aliniomba nimsaidie kupanga mizigo. Nikaiachia kamba nikiamini ameishika yeye. Yeye aliamini ameishika binamu. Binamu alikuwa akitazama milima. Simba akauona ufuko. Aliinuka, akakanyaga ukingo wa boti, akaruka. Boti ililala upande, maji yakaingia, mtoto mmoja akaanguka kifudifudi, gunia la unga la mama mmoja likalowa. Simba aliogelea hadi nchi kavu, akajikung'uta, akatusubiri mkia ukicheza. Yeye hakuwa hatarini hata kidogo. Hatari ilikuwa yetu sisi tuliobaki botini, na methali haikututaja.

Tunashukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Nahodha hakunigombeza. Aliutazama mkono wangu uliokuwa mtupu, akarudi kwenye injini yake. Nilimlipa yule mama unga wake, nikamwomba radhi mama wa mtoto, nikamwomba radhi kila mmoja. Nilipomaliza nilikaa mchangani na Simba, nikamshika shingo, nikatetemeka. Chitane alinijia akilini siku hiyo. Kama Simba angeruka saa moja kabla, mawimbi yakiwa makubwa na ufuko uko mbali, ningekuwa nimerudia kosa lile lile la mwaka 1867, kwa neno moja: sote.

Tangu hapo nalisikia neno hilo kila mahali. Mzee anatolewa kijijini kuletwa mjini, wanawe wanasema sote tutamtunza, naye anashinda ndani peke yake mchana kutwa akimsubiri wa kumfungulia mlango. Binti anachukuliwa kwenda kusaidia kazi za nyumbani Dar es Salaam, ukoo mzima unasema tutamfuatilia, na mwaka unaisha hajapigiwa simu na yeyote. Hawa ni watu, wana akili na sauti kuliko mbwa yeyote. Lakini wanafanana na Simba na Chitane kwa jambo moja: safari hawakuipanga wao. Aliyeipanga ndiye mwenye deni.

Katika ukoo wetu alifariki ndugu, akaacha mtoto wa miaka minane. Siku ya arobaini kila aliyesimama alisema mtoto huyu ni wetu sote. Yalikuwa maneno mazuri, na waliyasema kwa machozi ya kweli. Zamu yangu ilipofika nilisema tu nilivyoulizwa Kibirizi: "Naomba tutaje mmoja. Nani atamshika?" Pakawa kimya. Baadhi ya wazee walikunja uso, kwani kwetu kuuliza hivyo ni kama kuwapima watu mapenzi. Kisha shangazi yangu, mjane anayeuza karanga na asali sokoni Tabora, akasema, "Mimi. Nyinyi wengine nileteeni ada na nguo. Lakini akiamka usiku, ataniita mimi." Mtoto yule yuko sekondari sasa. Ukoo mzima humsaidia, na msaada unamfika kwa sababu unapita katika mikono ya mtu anayejulikana jina.

Simba aliishi nasi mwambaoni hadi uzee, na akafa akiwa amelala. Kwa miaka yote hiyo hakupanda boti tena. Nilipokuwa na safari nilimwacha kwa jirani mmoja, kwa jina lake, nikamwachia na chakula.

Ndugu msomaji, ukitaka kumchukua safarini yeyote asiyeipanga safari, awe mbwa, mtoto au mzazi wako, pima kwanza kama njia inamfaa. Kisha taja jina la atakayemshika. Na likiwa lako, usiiachie kamba mpaka nchi kavu.