Nyanda za Oklahoma: Picha ya Dhoruba Huja Nyuma ya Dhoruba

Katikati ya Marekani, mbali na bahari zote mbili kubwa, iko nchi tambarare inayoanzia Texas upande wa kusini na kupanda kaskazini kupitia Oklahoma, Kansas na Nebraska hata majimbo mawili ya Dakota. Mgeni anayepita huko mwishoni mwa Mei huona mashamba ya ngano yaliyoanza kugeuka rangi ya dhahabu, udongo mwekundu wa Oklahoma, na maghala marefu ya nafaka yanayoonekana kutoka mbali kama ngome. Barabara za mashambani zimenyooka, nazo hukatana kila baada ya maili moja, yaani kilomita 1.6, kana kwamba nchi nzima ilichorwa kwa rula. Miji ni midogo na imeachana sana, na anga ni pana kupita kiasi.

Uzuri huo una hatari yake. Kuanzia Aprili hata Juni, hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana hapo na hewa kavu itokayo nyanda za juu za magharibi, na juu kabisa hupita pepo baridi zenye nguvu. Kutokana na kukutana huko huzaliwa mawingu makubwa ya radi, ambayo mengine huanza kuzunguka yenyewe na kuteremsha chini mkonga wa upepo uitwao tonado. Wasomaji wanakijua kisulisuli, kile kinachorusha vumbi na majani uwanjani wakati wa kiangazi. Tonado si kisulisuli. Yenyewe hutoka katika wingu la dhoruba, na zilizo kubwa hung'oa nyumba katika msingi wake na kurusha malori kama makopo matupu. Kwa wastani Marekani hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka.

Basi wakati wenyeji wanapotafuta mahali pa kujificha, wako watu wanaowasha magari yao na kuelekea kule kule kwenye wingu. Hao ndio wafuatao dhoruba. Miongoni mwao wamo wataalamu wenye vyombo vya kupimia upepo, wapiga picha, waongozaji wa watalii, na wananchi wa kujitolea wanaopeleka habari kwa ofisi za hali ya hewa. Siku hizi karibu kila gari la namna hiyo lina simu ya mkononi au kompyuta iliyofungwa karibu na usukani, nayo huonyesha kwa njia ya intaneti picha ya rada. Chombo hicho kimewafaa wengi. Lakini kina kasoro moja ambayo asiyeijua huweza kupoteza maisha yake.

KAZI ILIYOANZA NA ASKARI

Historia ya kuzitambua tonado katika nchi hiyo imefungamana sana na majeshi na polisi. Tarehe 20 Machi 1948, tonado ilipiga kambi ya ndege za kijeshi ya Tinker, karibu na Oklahoma City, bila ya onyo la kutosha, ikavunja ndege nyingi. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Meja Ernest Fawbush na Kapteni Robert Miller, wakaamriwa kuchunguza kama balaa hiyo ingeweza kutabiriwa. Siku tano baadaye, tarehe 25 Machi, waliona dalili zile zile katika ramani zao, wakatoa tahadhari, na askari wakaanza kuzihifadhi ndege. Jioni ile tonado ya pili ikaipiga kambi ile ile, na hasara ikawa ndogo kuliko ya kwanza.

Mwaka 1956 kijana mmoja wa Dakota Kaskazini, David Hoadley, alianza kuzifuata dhoruba kwa gari. Naye ndiye aliyeanzisha jarida la watu wa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1961 mtaalamu Neil Ward alipanda gari la polisi wa barabara kuu wa Oklahoma akaifuata dhoruba, huku akipata msaada wa ofisi ya hali ya hewa iliyokuwa ikiitazama kwa rada. Na tarehe 24 Mei 1973, katika mji wa Union City, wataalamu waliokuwa barabarani waliipiga picha tonado tangu mwanzo wake hata mwisho, na wakati huo huo rada mpya ya mji wa Norman ilikuwa ikiipima. Walipolinganisha picha na vipimo, waligundua kwamba rada ilikuwa imeuona mzunguko ndani ya wingu kabla upepo haujagusa ardhi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mfuata dhoruba alikuwa mtu wa kubahatisha. Asubuhi aliomba ramani katika ofisi ya hali ya hewa, kisha akaingia barabarani na ramani ya karatasi, redio na macho yake. Akitaka habari mpya alisimama penye kibanda cha simu, akatumbukiza sarafu, akampigia rafiki aliyebaki nyumbani mbele ya televisheni. Intaneti ilipoenea, alitafuta maktaba ya mji ili atazame kompyuta huko, au akaegesha gari nje ya nyumba ya wageni yenye intaneti isiyotumia waya. Hatimaye minara ya simu ikasambaa kandokando ya barabara kuu, na kile kilichokuwa kikitafutwa kwa saa nzima kikawa kinapatikana mkononi, gari likiwa katika mwendo.

KASORO YA PICHA

Marekani ina rada za hali ya hewa zipatazo 160 za aina moja, zilizotapakaa nchi nzima. Rada ya namna hiyo huzunguka mara kadhaa, kila mara ikiinua jicho lake juu kidogo, mpaka iwe imelichunguza wingu lote. Wakati wa dhoruba kali, mzunguko kamili huchukua dakika 4 hadi 6. Baada ya hapo habari hutengenezwa kuwa picha, hupelekwa, hupokewa na kampuni inayoisambaza, na mwisho hupita katika mnara wa simu hadi ndani ya gari. Kwa hiyo picha anayoitazama dereva haionyeshi wingu lilipo, huonyesha lilipokuwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Dhoruba inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea kilomita 1 kila dakika. Picha ikichelewa dakika 5, dhoruba imekwisha kusogea kilomita 5. Ikichelewa dakika 15, ni kilomita 15, mwendo wa kutoka mji mmoja mdogo hadi mwingine. Mwaka 2012 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani iliwaonya marubani juu ya jambo hilo hilo. Ilieleza kwamba umri wa picha ulioandikwa kwenye kioo huhesabiwa tangu picha ilipoundwa, si tangu rada ilipoliona wingu, na kwamba katika hali mbaya kabisa picha huweza kuwa nzee kwa dakika 15 hadi 20 kuliko inavyodai.

Kasoro ya pili yatokana na umbo la dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mwali wa rada hupanda juu ya ardhi kadiri unavyokwenda mbali. Ukifika umbali wa kilomita 100, huwa umekwisha kupita zaidi ya kilomita 1 juu ya vichwa vya watu. Rada huliona tumbo la wingu, lakini yanayotendeka miguuni pake haiyaoni. Ndiyo sababu ofisi za hali ya hewa bado zahitaji macho ya watu walio chini.

Kasoro ya tatu ni mnara wenyewe. Magharibi ya Kansas na Nebraska, na katika pembe ya kaskazini ya Texas, msafiri huweza kwenda mwendo mrefu bila ya kupata mawasiliano. Hata palipo na minara, dhoruba hukata umeme, na watu wote hupiga simu kwa wakati mmoja mpaka njia zikajaa. Na simu inapokosa mnara, mara nyingi picha ya mwisho hubaki palepale kwenye kioo, tulivu na yenye rangi nzuri, kana kwamba hakuna lililobadilika.

JIONI YA EL RENO

Mji wa El Reno uko magharibi ya Oklahoma City, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Tarehe 31 Mei 2013, baada ya saa 12 jioni, tonado iliteremka katika mashamba yaliyo kusini-magharibi ya mji huo. Siku kumi na moja zilizotangulia tonado nyingine ilikuwa imeua watu 24 katika mji wa Moore, kusini ya Oklahoma City, hivyo hofu ilikuwa kubwa. Watu wengi waliingia katika magari wakakimbia, na barabara kuu zikajaa.

Tonado ya El Reno ilianza kwa kuelekea kusini-mashariki, kisha ikapinda kuelekea kaskazini-mashariki. Wakati huo huo ilitanuka upesi hata upana wake ukafika kilomita 4.2, upana mkubwa kuliko wa tonado yoyote iliyopata kupimwa. Mwendo wake uliongezeka ghafula, na mvua ikaifunika, hata aliyekuwa karibu aliona ukuta wa kiza tu. Rada iliyochukuliwa juu ya gari ilipima ndani yake upepo wa zaidi ya kilomita 470 kwa saa.

Tonado hiyo iliua watu 8, na wote walikuwa ndani ya magari. Miongoni mwao walikuwamo Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tarehe 24 Juni 2003, huko Manchester, Dakota Kusini, aliweka chombo chake katika njia ya tonado, nacho kikapima kushuka kwa kanieneo ya hewa kwa milibari 100, jambo ambalo halijapata kupimwa kabla yake. Watu waliomfahamu walimsifu kwa uangalifu. Ikiwa mtu wa namna hiyo, mwenye vyombo na ujuzi wa miaka mingi, aliweza kunaswa na upepo uliogeuka kwa dakika chache, hapana budi mgeni mwenye simu tu mkononi azifikiri dakika hizo mara mbili.

Wala hatari haiko katika upepo peke yake. Tarehe 28 Machi 2017, karibu na mji mdogo wa Spur, Texas, magari mawili ya wafuata dhoruba yaligongana penye njia panda, na watu watatu waliokuwamo wakafa. Mmoja wa madereva hakusimama penye alama ya kusimama. Askari wa usalama barabarani popote duniani hatashangaa kusikia hayo: macho hayawezi kuwa kwenye kioo cha kompyuta, mawinguni na barabarani kwa wakati mmoja.

MAMBO YANAYOSHIKWA NA WAZOEFU

Wazoefu wa nyanda hizo hawajaitupa intaneti. Wameipa nafasi yake. Asubuhi, wakiwa bado mahali penye mawasiliano mazuri, hutazama utabiri wa kituo cha taifa cha dhoruba kilichoko Norman, na huziweka ramani za barabara ndani ya simu ili zisomeke hata mnara ukikosekana. Ramani ya karatasi huwamo pia. Garini, mmoja huendesha na mwingine husoma. Picha ikifika, swali la kwanza ni saa ngapi rada ililiona wingu. Swali la pili ni wapi wingu hilo litakuwa limefika sasa. Wakilikaribia, macho hutangulia na picha hufuata nyuma.

Juu ya yote, hawaingii barabara ambayo hawajui watatokea wapi. Njia za udongo mwekundu hugeuka tope zito mvua inaponyesha, na mito hukatiza zile barabara zilizochorwa kwa rula, kwani si kila moja ina daraja. Wengi huwa na mtu nyumbani, mke, mume au rafiki, anayeitazama rada kwa utulivu na kuwaonya kwa simu. Sauti isiposhika, huandika ujumbe mfupi, kwa maana ujumbe mfupi mara nyingi hupenya pale mazungumzo yanaposhindwa.

Kwa jamaa wasiofuata dhoruba, mafunzo ni hayo hayo. Tangu mwaka 2012 simu za Marekani huweza kupokea onyo la hatari moja kwa moja kutoka kwa mamlaka, lakini familia zenye busara hazitegemei simu peke yake. Huweka redio ya betri, kwani serikali ina mitambo zaidi ya 1,000 inayotangaza habari za hali ya hewa usiku na mchana. Huchagua mapema chumba cha chini ya ardhi, au chumba cha ndani kisicho na dirisha, na karibu nacho huweka viatu vigumu, kurunzi na kofia za kukinga vichwa vya watoto. Na katika Oklahoma City na Norman, kila Jumamosi saa 6 mchana, hali ya hewa ikiwa njema, ving'ora hupigwa kwa majaribio. Watoto huendelea kucheza, lakini kila mmoja wao anaujua mlio ule, na anaujua mlango wa kukimbilia siku utakapolia si Jumamosi.