Amana ya Kijana na Kadi ya Kompyuta

Twapenda kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe. Twalisimulia kwa haya, kwani kosa lilikuwa letu. Lakini anayewafundisha watoto wa watu kukiri makosa yao hana haki ya kulificha lake.

Sisi twakaa Buger, katika wilaya ya Karatu, na kazi yetu ni kusomesha chuo. Elimu yetu ni Qurani na darasa la saba. Nyumbani kwetu yumo kijana wa miaka 18, mtoto wa marehemu ndugu yetu, naye hutuita Baba Mkubwa. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Mang'ola misimu miwili kufanya kazi katika mashamba ya vitunguu. Kwa ujira wa msimu wa kwanza alinunua kompyuta kuukuu iliyokwisha tumika ofisini, aina ya Dell OptiPlex 7010. Kwa ujira wa msimu wa pili aliweka akiba ya shilingi 290,000, akatukabidhi tumwekee mpaka atakapoihitaji.

Haja yake ilikuwa kununua kadi ya grafiki. Kwa wasioijua, hiki ni kipande cha mtambo kinachochomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuichora picha inayoonekana kwenye kioo. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi hiyo. Picha zake huchorwa na prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, na hilo latosha kwa barua na hesabu. Lakini mchezo wa mpira au wa mbio za magari hutaka picha mpya kwa makumi kila sekunde, na zikipungua mchezo hukwama. Kompyuta ya kijana wetu ilikuwa ikikwama hata mpira huwa umekwisha ingia golini kabla yeye hajamwona aliyeupiga.

Tulipojua kwamba fedha ile ni ya mchezo tulichukia. Tukamwambia, “Jasho la Mang'ola walitaka kulitia katika upuuzi?” Akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu, “Baba Mkubwa, wenzangu huenda kucheza katika mabanda ya mjini, na huko huchezeana kamari. Mimi napenda nichezee hapa nyumbani, mbele ya macho yenu. Tena kadi hiyo itanisaidia kujifunza kuhariri video za harusi, maana natamani iwe kazi yangu.” Tukaona ana hoja. Tukampa masharti mawili: mchezo usimpitishie wakati wa swala, wala usizidi saa 3 kwa siku. Akaridhia.

Basi mwaka 2024 tukapata safari ya Arusha, na kijana alikuwa shambani. Hatukuona haja ya kumngoja. Tukazichukua fedha zake, tukasema moyoni kwamba tutamfurahisha. Tulipofika dukani tuliuliza swali moja tu: “Kwa shilingi 290,000, ipi yenye nguvu kuliko zote?” Muuzaji akatuonyesha AMD Radeon RX 580 iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kwa bei ya shilingi 280,000. Alisema ni kadi yenye nguvu, na alisema kweli. Hatukumweleza kompyuta yetu ni ya namna gani, naye hakuuliza.

Usiku ule tulimpa kijana. Uso wake uling'aa, kisha akaanza kusoma maandishi ya kwenye boksi, na furaha ikamwondoka kidogo kidogo. Akaifungua kompyuta yake, akatuonyesha kile kisanduku kinachogawa umeme ndani yake: kimeandikwa wati 275. Kadi ile peke yake hufika wati 185, tena inalo tundu linalotaka waya wake maalumu wa umeme, na waya huo kompyuta haikuwa nao. Hata urefu wake ulikuwa ukigonga pale inapokaa diski. Hakutamka neno baya. Alisema tu, “Baba Mkubwa, laiti mngaliniuliza.”

Hatukupata usingizi. Fedha ile ilikuwa amana, na tena amana ya mtoto aliyefiwa na baba. Twajua kwamba aliyebaleghe hukumu ya uyatima imekwisha mwondoka, lakini je, moyo wake nao umekwisha ondokewa? Yeye alitupa tuitunze, wala hakutupa tuitumie, na nia njema si idhini. Asubuhi nafsi ikaanza kututetea: wewe ni mzee wake, umemlea na umemlisha, fedha hizi ni nini baina yenu? Twakiri kwamba tuliisikiliza kwa muda. Kisha tukajiuliza: kama angekuwa mtoto wa jirani ndiye aliyetuwekea, tungesema hivyo? Aliyemlisha yatima kisha akamtoza alichomlisha, amemfanyia biashara wala hakumlea.

Tukarudi Arusha. Muuzaji hakulazimika kutupokea, kwani hakuficha aibu ya bidhaa yake. Hata hivyo aliikubali kadi kwa shilingi 180,000. Tukawa tumepoteza shilingi 100,000, mbali na nauli. Siku ya soko tukauza beberu mmoja, tukazitimiza zile 290,000, tukamrudishia mkononi mbele ya mama yake, na tukamwomba radhi. Mama yake alitaka kutuzuia, akisema haifai mkubwa amwombe radhi mdogo. Tukamwambia kwamba deni halitazami umri.

Safari iliyofuata tulikwenda pamoja, yeye akitangulia kuzungumza na sisi tukisikiliza. Aliyotufundisha ndani ya basi kutoka Karatu hadi Arusha twayaandika hapa, ili mzazi atakayeombwa kitu hiki asiingie shimo tuliloingia sisi.

Kwanza ni umeme. Tazama kisanduku cha umeme kimeandikwa wati ngapi, na kama kinazo nyaya za ziada za kadi. Kama hazimo, tafuta kadi isiyozidi wati 75, kwani hizo ndizo ziwezazo kutolewa na ile nafasi inapochomekwa. Prosesa ya kompyuta yetu ni Core i5-3470, nayo hukadiriwa wati 77. Ukiongeza 75 za kadi, wati 275 zatosha na kubaki. Na umeme hulipiwa. Kadi ya wati 185 na ile ya wati 75 zimepishana wati 110. Kwa saa 3 kila siku, siku 30, tofauti hiyo ni karibu uniti 10 za LUKU kwa mwezi.

Pili ni nafasi. Pima kwa rula urefu, kimo na unene wa mahali pa kadi kabla hujatoka nyumbani. Kompyuta nyingine za ofisini ni nyembamba sana, nazo hutaka kadi fupi za kimo cha chini.

Tatu ni ulinganifu. Prosesa yetu ni ya mwaka 2012, na kuitilia kadi kubwa ni sawa na kumfunga fahali na ndama katika plau moja: fahali atamngoja ndama, na nguvu uliyoinunua italala bure.

Nne ni jina na kilichomo. Kadi ya GeForce GT 1030 ilitoka mwaka 2017, na mwaka 2018 ikatoka nyingine kwa jina lilo hilo, yenye kumbukumbu ya DDR4, dhaifu sana kuliko ile ya GDDR5. Radeon RX 580 nayo ina ndugu anayeitwa 2048SP, ambaye kwa hakika ni sawa na RX 570. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53 tu, lakini huwasiliana na kompyuta kwa njia 4 peke yake, na katika kompyuta za zamani hupungukiwa nguvu. Tena wapo waovu wanaozibandika kadi za kale majina mapya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzitambua nyingi za namna hiyo na kuziandika kuwa ni za bandia.

Tano ni hali ya kadi iliyotumika. Kadi nyingi zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba fedha za mtandaoni, na Ethereum ilipoiacha njia hiyo tarehe 15 Septemba 2022, nyingi ziliingia sokoni. Si zote mbovu, lakini usinunue kabla hujaiona ikifanya kazi nzito dukani kwa nusu saa, feni zikizunguka sawasawa.

Sita ni kioo chako. Kioo chetu ni cha zamani, kinapokea waya wa VGA, na kadi za siku hizi hutoa HDMI au DisplayPort. Bila kibadilishi, ungerudi nyumbani na kadi njema usione kitu.

Kwa maswali hayo kijana alichagua NVIDIA GeForce GTX 1650 iliyotumika, kadi ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4 na wati 75. Aliigeuza kwanza kuhakikisha haina tundu la waya wa ziada, kwani zipo za jina hilo zenye tundu. Akaitazama ikifanya kazi, ndipo akalipa shilingi 270,000, na kibadilishi shilingi 15,000. Elfu 5 iliyobaki alitununulia chai na maandazi stendi ya Karatu, akakataa tusilipe sisi.

Kadi ile haikuwa na nguvu kama ya kwanza, wala kumbukumbu yake haifiki nusu ya ile kwa kuzidi. Ni nusu kamili. Lakini inafanya kazi, na ile nyingine isingewaka. Tangu hapo tumejua kwamba rahisi ni kile kinachofaa mahali pake, na kwamba israfu yaweza kufanywa hata na mtu anayedhani anabana fedha.

Ndugu zetu wazazi, watoto wetu wanayajua mambo ambayo sisi hatukuyasoma. Tusione unyonge kuwauliza, hasa pale fedha inapokuwa yao. Nanyi vijana, mnapotufundisha, tufundisheni kama alivyotufundisha huyu, bila kutucheka. Jioni, baada ya swala ya Isha, twamsikia akicheza na wenzake watatu chumba cha pili, na saa yao ikitimia huzima wenyewe. Hatujapata kuwakumbusha.