Kivuli si Cheusi

Wahenga walinena kuwa kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu anayewafaa wageni huku akiwasahau jamaa zake. Hata hivyo, aliyeitunga alikuwa mtazamaji hodari: alikwisha kukichunguza kivuli na kuujua mwendo wake. Wachoraji wengi chipukizi hawafanyi hivyo. Wakitaka kivuli, huchovya brashi katika rangi nyeusi, wakadhani kazi imekwisha.

Kosa hilo lilimpata msanii mmoja kijana aliyeazimia kumchora marehemu nyanya yake. Picha pekee iliyosalia ilikuwa ya kamera ya zamani, isiyo na rangi, hivyo rangi zote zilimpasa azitafute mwenyewe. Sehemu za uso zilizopata mwanga hazikumtatiza. Chini ya kidevu na ubavuni mwa pua, alitia nyeusi katika rangi ya kahawia. Mamake alipoonyeshwa kazi hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mama umempaka masizi?"

Swali hilo lilibeba ukweli wa kitaalamu. Rangi nyeusi haipunguzi mwangaza tu, bali pia huua uhai wa rangi inayochanganywa nayo. Ikikutana na manjano, aghalabu huzaa kijani kichafu. Na ngozi ya kahawia ina manjano ndani yake. Isitoshe, kivuli si mahali pasipo mwanga. Ni mahali ambapo mwanga mmoja umezuiwa ilhali mwingine ungali unafika. Nje, jua likikingwa, anga ya samawati huendelea kumulika. Ndiyo maana kivuli cha mchana huelekea buluu. Mfaransa Claude Monet alilidhihirisha jambo hilo katika "La Pie", picha aliyoichora mwaka 1868 na 1869, ya ndege aliyetua langoni huku theluji imetanda na vivuli juu yake ni vya buluu. Maonyesho rasmi ya Paris ya mwaka 1869 yaliikataa. Leo ni miongoni mwa hazina za jumba la makumbusho la Orsay jijini humo.

Njia ya kuchanganya si ngumu. Huanzwa na rangi ya kitu chenyewe, kisha huongezwa kidogo kidogo rangi iliyo kinyume chake: kijani kwa nyekundu, zambarau kwa manjano, buluu kwa machungwa. Rangi hizo hufifishana pasi na kuuana. Panapohitajika giza zito, buluu iliyokoza huchanganywa na kahawia ya udongo uliochomwa. Giza hilo huwa na joto au ubaridi kutegemea rangi iliyozidi. Fauka ya hayo, kingo za kivuli huwa kali karibu na kitu, na hulegea kadiri kinavyokwenda mbali, kama kile cha mvumo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kulistaajabia somo hili. Lugha yenyewe ina vivumishi asilia vya rangi vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Majina mengine mengi ya rangi yametokana na vitu: kijivu na jivu, kijani na majani, kahawia na kahawa. Anayetaka kuitaja rangi hana budi kukitazama kitu kwanza.

Msanii yule naye alirudi kutazama. Asubuhi moja alimketisha mamake mlangoni, akauchunguza uso uliorithiwa kutoka kwa marehemu. Upande ulioelekea anga, kivuli cha shavu kilikuwa na ubuluu. Chini ya kidevu, kilipokea wekundu wa leso aliyojitanda. Kijana akavikwangua vivuli vya awali, akachanganya upya bila kuigusa nyeusi.

Picha ilipokauka, mama aliitazama kwa muda mrefu asiseme neno. Kisha akaulizia nyundo na msumari.